Vitabu vitatu vya Fred Goodman kuhusu biashara ya muziki: uanze na kipi?

Mtu akiniuliza asome nini ili ajue pesa ya muziki huenda wapi, jibu langu huanza na jina la Fred Goodman, mwandishi wa habari wa Marekani aliyewahi kuwa mhariri katika jarida la Rolling Stone. Swali linalofuata ndilo gumu. Goodman ana vitabu vitatu juu ya biashara hii: The Mansion on the Hill cha 1997, Fortune's Fool cha 2010 na Allen Klein cha 2015. Vyote vinadai msomaji akae chini, na si kila mtu ana nafasi ya kuvimaliza vyote. Kipo pia kitabu chake cha 2019 juu ya mwimbaji Lhasa de Sela, lakini hicho kinamhusu msanii na sanaa yake, kwa hiyo nakiacha nje ya ulinganisho huu.

Niseme mapema nasimama wapi. Kilicho bora kati ya vitatu, kwa maoni yangu, ni The Mansion on the Hill. Ninachomkabidhi mtu akianze ni Allen Klein. Najua inasikika kama kujipinga, basi nieleze.

Kitabu cha mhasibu

Allen Klein, aliyekuja kuwa meneja wa Rolling Stones na Beatles, alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1931. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, na sehemu ya utoto wake ikapita katika makao ya yatima. Akasomea uhasibu. Kipaji chake kikubwa kilikuwa kusoma daftari za watu wengine na kuona pesa ilipokwama.

Kipaji hicho kilifika mahali pake hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 msanii wa Marekani aliletewa karatasi ya mrabaha, yaani fungu lake katika mauzo ya rekodi, kutoka kampuni ya rekodi, akaangalia tarakimu ya mwisho, akaweka hundi benki. Ni wachache waliouliza tarakimu ile imepatikanaje. Klein alikuwa akimwendea msanii na kumwomba ruhusa ya kukagua hesabu kwa niaba yake. Alipoingia na ukaguzi wake, mara nyingi alitoka na fedha ambazo msanii hakujua kuwa anadai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijasoma kitabu kingine kinachoonyesha methali hiyo ikitokea kweli kwa watu wenye nyimbo zinazoimbwa dunia nzima.

Goodman anaeleza mikataba ya Klein polepole, na hapo ndipo thamani ya kitabu ilipo. Chukua wa Sam Cooke. Klein alianza kumsimamia mwaka 1963, akamjengea mpango na kampuni ya rekodi ya RCA ambao haukuwa wa kawaida: ilianzishwa kampuni iitwayo Tracey, jina la binti wa Cooke, ikawa ndiyo yenye rekodi, na RCA ikabaki kazi ya kuzisambaza. Kwa mwimbaji mweusi wa Marekani wa wakati ule, hilo lilikuwa jambo zito. Ukisoma kwa furaha ukafika kwenye mistari ya umiliki, unakuta kwamba mwenye kampuni kwenye karatasi ni Klein. Cooke aliuawa Desemba 1964, na karatasi zikabaki zinasema zilichokuwa zinasema.

Halafu wakaja Rolling Stones. Mwaka 1965 Klein aliwapatia kutoka kampuni ya rekodi ya Decca malipo ya awali ya dola milioni 1.25, kiasi kilichowashangaza hata wenyewe. Fedha zikaingia kwenye kampuni ya Marekani yenye jina la Nanker Phelge. Vijana walikuwa na kampuni yao Uingereza yenye jina hilohilo, wakaona mambo yako sawa. Ile ya Marekani ilikuwa ya Klein. Wao wangelipwa kidogo kidogo kwa miaka 20, na sababu waliyopewa ilikuwa na ukweli ndani yake: kodi ya Uingereza siku hizo ilikuwa ikimmeza mwenye kipato kikubwa karibu mzima. Kwa hiyo mpango uliowaokoa na kodi ndio huohuo uliomwachia Klein fedha zao azizungushe. Nilirudia kurasa hizo mara mbili. Mara ya kwanza nilimchukia Klein, mara ya pili nikaona kwamba kila mtu mezani alipata alichokiomba, isipokuwa hakuna aliyeuliza swali la mwisho.

Matokeo yake yapo hadi leo. Rekodi za Rolling Stones za miaka ya 1960, pamoja na Satisfaction, zinamilikiwa na ABKCO, kampuni aliyoijenga Klein. Richard Ashcroft wa The Verve aliujua urefu wa mkono huo mwaka 1997, pale wimbo wake Bitter Sweet Symphony, uliotumia kipande cha muziki wenye asili ya Rolling Stones, ulipoishia kuwa mali ya wengine kwa upande wa utunzi. Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones walimrudishia haki hizo mwaka 2019, miaka minne baada ya kitabu kutoka.

Sehemu ya Beatles ndiyo itakayowavuta wengi, na ina haki ya kuvuta. Klein alikutana na John Lennon mwanzoni mwa 1969. Lennon, Harrison na Starr wakamkubali. McCartney akakataa, akitaka mambo yasimamiwe na familia ya mkewe, akina Eastman, na tarehe 31 Desemba 1970 akafungua kesi London dhidi ya wenzake watatu ili ushirika uvunjwe. Kwa miaka mingi simulizi iliyozoeleka imemweka Klein kama mtu aliyewavunja Beatles. Goodman anaonyesha upande ambao simulizi hiyo huuruka: kwamba kampuni yao ya Apple (ya muziki, si ile ya kompyuta) ilikuwa inavuja pesa kila upande, na kwamba Klein aliwapatia masharti bora ya mrabaha kuliko waliyowahi kuwa nayo.

Hapa lazima msomaji ajue kitu kimoja. Goodman alipata kuyaona makabrasha ya Klein kupitia familia. Ndiyo maana kitabu kina hesabu nyingi kuliko vingine juu ya mtu huyu, na nadhani ndiyo maana pia kina uvumilivu mwingi kwake. Hakimtakasi, la hasha. Kifungo cha miezi miwili mwaka 1980 kwa kosa la kodi kimo. Lakini kuna mahali nilitamani mwandishi akaze zaidi, hasa kwenye kesi ya George Harrison.

Kesi yenyewe ni hii. Wimbo wa Harrison, My Sweet Lord, ulidaiwa kunakili He's So Fine wa The Chiffons. Klein, akiwa meneja wa Harrison, alianza mazungumzo ya kuinunua kampuni yenye haki za wimbo ule ili jambo liishe. Baadaye wakaachana kwa ugomvi. Mahakama ikamwona Harrison ana hatia mwaka 1976, na mwaka 1978 Klein akainunua kampuni ile kwa ajili yake mwenyewe, kwa dola 587,000. Yaani aliyekuwa akikuwakilisha mezani akageuka kuwa mdai wako. Kikulacho ki nguoni mwako. Jaji aliliona hilo, na mwaka 1981 akaamua kwamba Harrison atalipa kiasi kilekile alicholipa Klein, bila faida hata senti. Nikiwa na mwanamuziki kijana mbele yangu mwenye dakika kumi tu, ningemsimulia kisa hiki na cha Nanker Phelge, niache vingine vyote.

Kitabu cha marafiki

The Mansion on the Hill hakikufundishi mkataba kwa namna hiyo. Kinafanya jambo gumu zaidi. Kinauliza ilikuwaje muziki uliozaliwa katika vilabu vidogo vya nyimbo za kijamii, ukiimbwa na watu waliodharau biashara, ukageuka kuwa biashara yenye thamani ya mabilioni, na marafiki gani walitengana njiani. Jina la kitabu maana yake ni jumba la kifahari juu ya kilima. Ni jina la wimbo wa Bruce Springsteen katika albamu ya Nebraska ya 1982, na kabla yake Hank Williams alikuwa na wake wenye jina linalokaribia hilo.

Wanamuziki watatu wametajwa kwenye jalada: Bob Dylan, Neil Young na Springsteen. Wanaobeba kitabu ni watu walioketi pembeni yao. Wa kwanza ni Albert Grossman, meneja wa Dylan, ambaye mwaka 1961 aliwaunganisha Peter, Paul and Mary kama mtu anayeunda kikosi. Grossman alijua kabla ya wengi kwamba pesa ya kudumu iko kwenye uchapishaji wa nyimbo, yaani kwa mwenye haki za utunzi, awe anaimba au amelala. Dylan alipotambua ni kiasi gani kilikuwa kinaelekea kwa meneja wake, uhusiano ulikufa, na kesi baina yao ikadumu hata baada ya Grossman kufariki mwaka 1986.

Wa pili ni David Geffen. Alianza chumba cha barua cha wakala wa William Morris, na amesimulia mwenyewe jinsi alivyoighushi barua ya chuo kikuu ili asifukuzwe. Mwaka 1971, pamoja na Elliot Roberts, alianzisha lebo ya Asylum, iliyotangazwa kama kimbilio la wasanii. Mwaka uliofuata aliiuza kwa Warner kwa dola milioni 7. Goodman anakisimulia kitendo hicho bila kupandisha sauti, na ndiyo sababu kinauma. Wasanii walioingia kimbilioni waliamka wakiwa mali ya kampuni kubwa. Baadaye Geffen alianzisha lebo yenye jina lake, na mwaka 1983 lebo hiyo ikamshtaki Neil Young ikidai dola milioni 3.3, kwa hoja kwamba rekodi alizoleta hazifanani na Neil Young. Ukilisoma hilo baada ya kurasa nyingi za urafiki wao wa ujana, hutalisahau.

Wa tatu ni Jon Landau, na kwangu sura zake ndizo kiini. Landau alikuwa mhakiki wa muziki Boston. Mwaka 1974 aliandika kwamba ameuona mustakabali wa rock and roll, na jina lake ni Bruce Springsteen. Kisha mhakiki huyo akaingia studio kusaidia kutengeneza Born to Run, iliyotoka 1975, na akaishia kuwa meneja wa msanii aliyemsifia. Katikati yao alikuwepo Mike Appel, meneja wa kwanza, mwenye mikataba ambayo Springsteen aliisaini mwaka 1972 bila kuielewa. Kesi ya 1976 na 1977 ilimfungia Springsteen asirekodi albamu kwa karibu mwaka mzima. Goodman, mwandishi wa muziki anayemwandika mwandishi mwingine wa muziki aliyevuka kamba, anauliza maswali ambayo mtu wa nje asingeyauliza: sifa ile ilikuwa uhakiki au ilikuwa hatua ya kwanza ya biashara, na je, Landau mwenyewe alijua tofauti?

Kwa nini basi nisikitangulize? Kwa sababu kinamchukulia msomaji kama mtu anayejua tayari kwamba haki za uchapishaji ni nini, kwamba rekodi mama (sauti yenyewe iliyorekodiwa studio) na utunzi ni mali mbili tofauti, na kwamba meneja mwenye fungu katika vyote viwili ana mgongano wa maslahi. Rafiki yangu mpiga gitaa alianza nacho, akakipenda, akaniambia ni kitabu kuhusu usaliti. Si kosa, lakini ukurasa wa Grossman na uchapishaji alikuwa ameupita kama anayepita jina la mtaa asioujua. Nilipompa Allen Klein kisha akarudi kwenye Mansion, alinipigia simu usiku akisema kwamba kitabu kimebadilika.

Kitabu pia kina watu wengi mno. Nusu ya kwanza, hasa habari za Boston, klabu, redio na magazeti yake, inataka subira. Ambaye hajawahi kusikiliza hata albamu moja ya Dylan au Young atapotea humo. Allen Klein hakina shida hiyo, maana kina mtu mmoja katikati na kila kitu kinamzunguka.

Kitabu cha wenye hisa

Fortune's Fool kinamfuata Edgar Bronfman Jr., mrithi wa ukoo wenye kampuni ya pombe ya Seagram. Jina limetoka kwa Shakespeare, kwenye kilio cha Romeo kwamba bahati imemfanya mjinga wake. Mwaka 1995 Seagram iliachia hisa zake katika kampuni ya kemikali ya DuPont kwa takribani dola bilioni 8.8, na kwa dola bilioni 5.7 ikanunua asilimia 80 ya MCA, kampuni ya filamu na muziki, kutoka Matsushita ya Japani. Mwaka 1998 ikaongeza kampuni ya rekodi ya PolyGram kwa zaidi ya dola bilioni 10, ikazaliwa kampuni kubwa kuliko zote za muziki duniani, Universal. Mwaka 2000 yote yakaunganishwa na Vivendi ya Ufaransa, hisa zikaporomoka, na utajiri wa ukoo ukapukutika. Wengi wangejificha. Bronfman alirudi mwaka 2004 na wawekezaji wenzake, wakainunua Warner Music kwa dola bilioni 2.6.

Hapa msanii karibu hayupo. Yupo kama mstari kwenye mizania. Anayeusikia muziki ndani ya kitabu hiki ni, kwa ajabu, Bronfman mwenyewe, ambaye aliwahi kutunga nyimbo kwa jina la Junior Miles. To Love You More, ulioimbwa na Celine Dion, aliutunga pamoja na David Foster. Nilitaka kurasa nyingi zaidi za mtu huyo mwenye nafsi mbili. Nilipata nyingi zaidi za vikao vya bodi.

Pamoja na hayo, kina jambo moja ambalo viwili vingine havina: kinaonyesha jinsi kampuni zilivyofikiri wakati Napster, huduma ya kugawana nyimbo bure mtandaoni iliyoanza 1999, ilipozikuta zimelala kwenye faida ya CD. Mapato ya rekodi Marekani yalikuwa yamefika dola bilioni 14.6 mwaka huo, na yakaanza kushuka. Mojawapo ya majibu ya Warner lilikuwa mkataba unaoipa lebo fungu katika kila kinachomwingizia msanii pesa: tamasha, fulana, matangazo, kila kitu. Mikataba ya namna hiyo imebaki kuwa ya kawaida. Aliyewekewa mkataba wa aina hiyo mezani, asome sehemu hiyo kabla ya kuchukua kalamu.

Udhaifu wake ni tarehe. Kilitoka 2010, mwaka mmoja kabla Spotify haijafunguliwa Marekani na kabla Warner haijauzwa, mwaka 2011, kwa Access Industries ya Len Blavatnik kwa dola bilioni 3.3. Kinaishia katikati ya mgogoro na hakiwezi kukuambia mgonjwa alipona. Warner ilirudi soko la hisa Juni 2020 kwa dola 25 kwa hisa, na mwaka 2005, chini ya Bronfman, ilikuwa imeingia kwa dola 17. Anayesoma leo anajua mwisho ambao mwandishi hakuuona, na hilo linapunguza mvutano wa sura za mwishoni. Bronfman naye anatendewa kwa upole kuliko Geffen alivyotendewa miaka 13 nyuma. Namwona Goodman wa 1997 akiwa mkali zaidi, na namkosa.

Uchague kipi

Kama wewe ni msanii, prodyuza au meneja, na una nafasi ya kitabu kimoja mwaka huu, chukua Allen Klein. Utajifunza kuuliza nani mwenye kampuni, fedha zimekaa wapi kabla hazijakufikia, na nani anabaki na rekodi mkataba ukiisha. Kama unaupenda muziki wa miaka ile na unataka kitabu kitakachokukaa moyoni, chukua The Mansion on the Hill, na usikate tamaa Boston. Mwandishi wa habari za muziki asikwepe kitabu hicho kwa namna yoyote, kwa ajili ya Landau. Fortune's Fool nampa mwanafunzi wa biashara, mwanasheria, au mtu anayefanya kazi ndani ya lebo na anataka kujua mabosi wake walitoka wapi. Kwa wengine wote ni kitabu cha tatu.

Anayevitaka vyote vitatu avisome kwa mpangilio huu: Klein, Mansion, kisha Fortune's Fool, hata kama haufuati miaka ya kutoka. Ukisoma hivyo utaona kitu ambacho hakionekani ukisoma kimoja. Warner iliyoinunua Asylum mwaka 1972 ndiyo ambayo kitengo chake cha muziki Bronfman alikinunua 2004. Geffen aliiuza lebo yake ya pili kwa MCA mwaka 1990 kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 500. Kabla ya mwaka kugeuka vizuri Matsushita ikainunua MCA, na miaka michache baadaye MCA hiyohiyo ikawa ya Seagram. Weka kalamu karibu, na kila jina la kampuni linapojitokeza liandike pembeni pamoja na mwenye nayo kwa mwaka huo. Mimi nilifanya hivyo kwenye karatasi za mwisho za Mansion. Ukurasa ulijaa mishale, na karibu mishale yote ilikuwa inatoka kwa watu waliowahi kushika gitaa kwenda kwa watu ambao hawakuwahi kulishika.